Ryokani ya pwani ya Izu: nguo zinavuliwa kweli, na hina je?

Dada mmoja wa Tanga kaniandikia, nimefupisha kidogo: "Mume wangu yuko Yokohama kwa mafunzo, mwezi wa 11 naenda kukaa nae wiki mbili. Tunataka kulala usiku mbili kwenye nyumba ya wageni ya Kijapani ya kizamani, yenye maji moto, iwe pwani na isiwe mbali sana. Tuna yeni 60,000 wote wawili. Sisi Waislamu, najistiri. Samaki mbichi hata kumwangalia siwezi. Mume ana presha. Halafu siku chache kabla ya safari mdogo wangu anaolewa kwa hiyo nitakuja na hina mikono na miguu. Dada, ni kweli watu wanaoga uchi pamoja?"

Dada yangu, nianze na hilo la mwisho maana najua hayo mengine umeyatanguliza tu kusogeza maneno. Ndio, wanaoga uchi. Uchi wa mnyama. Hakuna nguo ya kuogelea, hakuna kanga, na ukiingia na kanga yako watakufuata kwa upole sana, wameinama, wakuombe uivue, manake kwao kitambaa chochote kikiingia kwenye yale maji kimeyachafua. Lakini sio wanaume na wanawake pamoja. Milango ni miwili, kila mmoja una pazia fupi, la wanaume mara nyingi la bluu limeandikwa 男 na la wanawake jekundu limeandikwa 女, hizo alama mbili zikariri kabla hujapanda ndege. Na hapa kuna mtego: nyumba nyingi zinabadilisha mapazia usiku, bafu lililokuwa la wanawake jioni asubuhi linakuwa la wanaume, ili kila mgeni apate kuona mabafu yote mawili. Kwa hiyo asubuhi usiende kwa mazoea na usingizi machoni, soma pazia kwanza. Mabafu ya mchanganyiko yapo bado machache, ila yanatangazwa wazi, hutaingia kwa bahati mbaya.

Sasa mi sio shehe, lakini umeshasema unajistiri na unajua mwenyewe kwamba hata mwanamke kwa mwanamke kuna mipaka yake, kwa hiyo bafu la wote tuliweke pembeni. Usisikitike, hukosi kitu. Kuna kitu kinaitwa kashikiri, yaani bafu la kukodi, mnaingia wewe na mumeo, mnafunga mlango kwa ndani, mnapewa kama dakika 45 au 50, mkitoka anaingia mwingine. Nyumba nyingine ni bure, nyingine yeni 2,000 au 3,000 kwa zamu moja. Juu ya hapo kuna vyumba vyenye bafu lake mwenyewe kwenye baraza, pipa la mbao au jiwe, mnakaa humo mnaangalia bahari saa yoyote mnayotaka, hata saa tisa usiku. Hivyo vinapendeza sana na bei yake inapendeza kidogo tu.

Ila kabla hujalipia chumba cha hivyo uliza swali moja ambalo wageni wengi hawaulizi: yale maji ya barazani ni ya chemchemi au ya bomba yamechemshwa? Kuna vyumba vinatangazwa "bafu lenye kuona bahari" na ni maji ya bomba tu, halali kabisa, hawajasema uongo, wewe ndo umesoma haraka. Kijapani chake ni "heya no ofuro wa onsen desu ka?" Kwa sheria yao ya mwaka 1948 maji yanaitwa onseni yakitoka ardhini yana nyuzi 25 kwenda juu, AU yakiwa na angalau kimojawapo kati ya vitu 19 walivyoviorodhesha. Umeona hiyo au? Maana yake kuna onseni inayotoka ardhini baridi na wanaipasha moto, bado ni onseni. Kama umewahi kufika pale Galanos karibu na Amboni, ukasikia ile harufu ya mayai viza, basi ujue kuna maji ya Japani yana harufu hiyohiyo, ila huku pwani ninakotaka kukupeleka mengi hayana harufu kali, mengine ni ya chumvichumvi na mengine karibu hayana ladha.

Bei. Hapa ndo watu wengi wanapolia. Ryokani, ndo hiyo nyumba ya wageni ya Kijapani ya kizamani, inahesabu KWA KICHWA, sio kwa chumba. Ukiona yeni 22,000 ukafikiri ndo chumba, ukifika mezani ni 44,000. Lakini hiyo bei kwa kawaida ina chakula cha usiku na cha asubuhi ndani yake, na chakula cha usiku cha ryokani sio mchezo, kwa hiyo usilinganishe na hoteli ya kawaida. Juu yake kuna kodi ya kuoga, ndio kodi ya kuoga, sehemu nyingi yeni 150 kwa mtu kwa siku. Sasa piga hesabu: 44,000, ongeza 300 za kodi, ongeza 3,000 za kashikiri, unapata 47,300. Zinabaki 12,700, hapo toa nauli na chakula cha mchana. Yaani 60,000 yako ni ya usiku MMOJA mzuri au usiku mbili za wasiwasi.

Na mi nakwambia chukua mmoja. Hata ungekuwa na hela ya mbili ningekwambia mmoja, manake nimepeleka wageni wengi na naona inavyokuwa. Usiku wa kwanza mtu anashangaa kila kitu, usiku wa pili anaanza kuhesabu vibakuli. Chakula ni kilekile kikigeuzwageuzwa, saa ya kula wanaamua wao, na miguu imeshachoka kukaa chini. Siri ya usiku mmoja ni kuingia saa tisa mchana mlango unapofunguliwa, sio saa moja jioni mmetoka kuzurura. Kutoka ni saa nne asubuhi. Hizo ni saa 19, na hizo ndo umenunua, sio kitanda, kwanza kitanda chenyewe hakuna. Mtu anayefika saa kumi na mbili na nusu wenyeji wamesimama na chakula kinapoa, anakula mbiombio, anaoga mara moja, analala, huyo amelipa bei ya shamba akala embe moja.

Wapi sasa. Kutoka Yokohama pwani ya karibu yenye maji moto ya maana ni Atami na kushuka chini kwenye rasi ya Izu. Treni ya kawaida ya laini ya Tokaido kutoka Yokohama hadi Atami ni saa moja na robo hivi bila kubadilisha, Shinkansen, ile treni yao ya kasi, sio lazima labda kama mna haraka. Atami maana yake ni "bahari moto", na sio jina la kupamba, maji yale yanatoka yanaunguza. Tokugawa Ieyasu, yule aliyeshika nchi nzima, alikuja kuoga Atami mwaka 1604 akakaa siku saba, na baadae watawala wa ukoo wake wakawa wanabebewa maji ya Atami kwenye mapipa hadi Edo, ambayo ndo Tokyo ya leo, fikiria mtu anabebewa maji ya kuoga karibu kilometa 100. Palikuwa na chemchemi inaitwa Oyu inaruka juu yenyewe kwa zamu, na mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Rutherford Alcock, alikuja na mbwa wake anaitwa Toby, maji yakamrukia yule mbwa akafa kwa kuungua. Wenyeji wakamzika vizuri na hadi leo pale kuna jiwe la kumbukumbu lake. Chemchemi yenyewe ikaja kukoma baada ya lile tetemeko kubwa la 1923, sasa hivi wanairusha kwa mitambo ili watalii wasiondoke mikono mitupu.

Pamoja na hayo yote Atami mi siipendi sana kwa mtu anayetaka utulivu. Ni mji uliopanda mlimani, barabara zimesimama kama ngazi, nyumba nyingi za wageni ni maghorofa ya zege ya enzi zile maharusi wa Tokyo wote walikuwa wanakuja fungate huko, na mengine yanajiita ryokani lakini ukiingia ni hoteli yenye mikeka. Uzuri wake ni fataki, wanarusha baharini mara kadhaa kwa mwaka, sio kiangazi tu, ila siku ya fataki bei nayo inaruka. Mi ningekushusha Ito, dakika 25 mbele kwa treni ndogo, nauli yote kutoka Yokohama haifiki yeni 2,000 kwa mtu kwenda. Ito kuna mto unapita katikati ya mji na pembeni yake kuna Tokaikan, ryokani ya mbao ya ghorofa tatu iliyojengwa 1928, siku hizi hawalazi wageni, ni ya manispaa, unaingia kuangalia tu, na inafaa uipitie KABLA ya kwenda mlikobuk ili macho yako yajue mbao iliyochongwa kwa mkono inafananaje. Mkitaka kushuka zaidi kuna Atagawa na Hokkawa, vijiji kabisa, nyumba zimepangana zinatazama bahari na pale Atagawa mvuke unafuka kwenye minara katikati ya mji. Halafu Atagawa, usicheke, karibu na stesheni kuna bustani ya tangu 1958 wanafuga mamba na kulima migomba kwa joto la yale maji moto, na watu wanalipa kiingilio kuona mgomba. Wewe wa Tanga, shauri yako.

Kwa nini maji moto yajazane hapo na sio kwingine, ni kwa sababu hiyo rasi nzima ilikuwa volkano za baharini huko kusini, zikabebwa na bamba la ardhi polepole hadi zikagonga kisiwa kikubwa cha Japani na kuwa rasi kama miaka 600,000 iliyopita. Mgongano wenyewe haujaisha, ndo maana ardhi inatikisika, nitarudi hapo.

Mkifika. Mlangoni mnavua viatu, mnapewa ndala za ndani. Hizo ndala ni za korido tu, kwenye chumba chenye tatami unaziacha nje unaingia peku au na soksi. Tatami ni mkeka, mnene, umefumwa kwa majani yanayofanana na mafunjo membamba, ukiwa mpya unanukia vizuri sana, na chumba kinapimwa kwa idadi yake, chumba cha mikeka minane, cha mikeka kumi. Halafu chooni kuna ndala ZINGINE, unabadilisha mlangoni, ukitoka unaziacha hukohuko. Mi safari yangu ya kwanza nilitoka chooni na zile ndala nikaenda nazo hadi ukumbi wa chakula, zimeandikwa kabisa "choo" kwa Kijapani, sikuwa najua kusoma, nikakaa mezani najiona mtu, hakuna aliyesema neno, kuna mama mmoja tu mhudumu alikuja kapiga magoti akaziweka ndala nyingine pembeni yangu akaondoka na zile. Hadi leo nikikumbuka naona aibu.

Huyo mhudumu anaitwa nakai, na mwenye nyumba mwanamke anaitwa okami, mkiwaita weka "san" mwishoni, nakai-san, okami-san, ni heshima. Atawaleta chumbani, atawapa chai ya kijani na kitafunwa kitamu kidogo. Kile kitafunwa mle, kimewekwa kwa makusudi, kuingia kwenye maji ya moto na tumbo tupu mtu anaweza kupata kizunguzungu. Mizigo msiiweke kwenye ile sehemu iliyoinuka kidogo ukutani yenye maua au picha ya kuning'inia, panaonekana kama pamejengwa kwa ajili ya begi lakini hapana, hapo ndo mahali pa heshima pa chumba. Na kule dirishani kuna kijisehemu kina viti viwili na meza ndogo vinatazama bahari, hapo ndo mtakaa muda mrefu kuliko mnavyodhani.

Kuswali msihangaike. Chumba chote ni safi, hakuna kiatu kinachoingia, yaani mkeka wa kuswalia umetandikwa ukuta hadi ukuta. Pwani hii ya Izu inatazama mashariki, kibla kutoka huko ni magharibi ikivutia kaskazini kidogo, kwa hiyo mnaipa bahari mgongo mnaelekea mlimani. Kwa sisi tuliozoea pwani ambayo bahari iko mashariki mbona ni kama nyumbani tu, tofauti ni kwamba kibla ya Tanga ni kaskazini, basi.

Ndani ya chumba kuna yukata, ile kanzu ya pamba ya kufunga na mkanda, mnavaa humo, mnakula chakula humo, mnalalia, hata kutembea nje jirani ni sawa. Sheria ni moja: upande wa KUSHOTO unakuja juu ya wa kulia. Ukigeuza, kulia juu ya kushoto, hivyo ndivyo wanavyomvalisha maiti, na utaona sura za watu zinabadilika. Wewe chini vaa nguo zako ndefu na mtandio wako, hakuna atakayekuuliza kitu, nimefanya hivyo miaka.

Kuoga kwenyewe. Yale maji sio ya kujisafishia, ni ya kukaa. Usafi unafanyika nje ya maji: kuna vistuli vidogo, bomba, ndoo, sabuni, unakaa (usisimame, maji yatarukia wenzio kama uko bafu la wote), unajisugua uishe, unajisuuza povu lote, ndo unaingia. Kabla ya kuingia jimwagie maji ya lile bwawa kuanzia miguuni ukipanda, mwili uzoee. Kataulo kadogo hakaingii majini, wenyewe wanakaweka kichwani. Nywele zisiguse maji, wewe najua utakuwa umesuka kwa ajili ya harusi, zifunge juu na kofia ya plastiki, na kwenye kashikiri mkiwa wawili tu bado fanya hivyo, anayefuata ataingia maji hayohayo. Pete na mkufu wa fedha acha chumbani, kwenye maji yenye salfa vinageuka vyeusi. Na simu haiingii sehemu ya kubadilishia nguo, hata kama betri imekufa.

Maji ni kama nyuzi 40 hadi 42. Hapa niongee na shemeji. Presha kama imetulia na anakunywa dawa zake, wengi wanaoga vizuri tu, lakini amuulize daktari wake kabla na sio baada, hasa kama ana tatizo la moyo pia. Asiingie ghafla, akae nusu mwili kwanza, dakika tano au kumi inatosha, atoke, apumzike, akitaka arudi. Asisimame kwa kushtuka, presha inaweza kushuka akaona giza, na sakafu ya bafu ni jiwe lenye maji. Asiingie mara tu baada ya kula. Mwezi wa 11 sehemu ya kubadilishia inaweza kuwa ya baridi, ile kutoka baridi kuingia moto na kutoka moto kurudi baridi ndo inayowasumbua wazee wa Kijapani kila msimu wa baridi, kwa hiyo ajikaushe upesi avae. Mnywe maji mengi wote wawili. Kuhusu kujisuuza baada ya kutoka, wenyewe wanasema usisuuze, madini yakae kwenye ngozi, mi kwenye maji ya chumvi nasuuza kwa sababu nanata, kila mtu na ngozi yake. Ila ile chumvi ina faida, joto linakaa mwilini muda mrefu, unatoka saa tatu usiku na hadi unalala bado miguu ina moto.

Haya, hina. Swali zuri na sijawahi kuulizwa. Japani tatuu zinahusishwa na magenge ya wahalifu, na uchunguzi wa shirika lao la serikali la utalii mwaka 2015 ulikuta asilimia 56 hivi ya sehemu zilizojibu zinakataza mwenye tatuu kuoga. Hina sio tatuu, lakini yule mama wa mapokezi atajuaje? Hina nyekundu ya kawaida inayoanza kufifia unaweza kuieleza, lakini piko, dada, piko nyeusi iliyochorwa maua hadi kwenye kiwiko ni tatuu machoni pa Mjapani yeyote. Kama unaweza, mwambie mchoraji atumie hina tu, piko iache. Mkioga kashikiri au barazani kwenu hakuna anayekuona, na nyumba nyingi hazina neno kwa hilo, ila kuna nyumba zenye sheria kali kwa hiyo sema mapema, andika kwamba ni rangi ya majani ya harusi, inatoka yenyewe baada ya wiki mbili. Wajapani harusi wanaielewa. Na ujue maji moto ya chumvi yataifubaza haraka, kwa hiyo picha piga kabla.

Chakula ndo kazi kubwa kuliko yote, na ukikosea hapo hela yako imekwenda. Menyu ya ryokani haichaguliwi mezani, mpishi ameshapanga siku kadhaa kabla na kununua vitu, ukimwambia saa kumi na mbili jioni kwamba huli hiki na kile anaumia kweli, hana cha kukupa. Pwani ya Izu ni samaki mwanzo mwisho, sawa, lakini samaki anapikwa na nini? Samaki wao wa fahari ni kinmedai, mwekundu mwenye macho makubwa, wanamchemsha na mchuzi wa soya, sukari, sake na mirini, na hizo mbili za mwisho ni pombe. Mirini iko kila mahali, kwenye mboga, kwenye mayai, kwenye mchuzi wa kuchovyea. Nguruwe anakuja akiwa amekatwa membamba kwenye kijungu kidogo cha kuchemkia mezani. Mchuzi wa soya wenyewe una kilevi kidogo kinachotokana na kuchachuka, hapo Waislamu wa huko wanatofautiana, amueni wenyewe. Kwa hiyo wakati wa kubuk, andika kabisa: "Butaniku, osake, mirin wa taberaremasen. Sashimi mo taberaremasen." Nguruwe, pombe, mirini hatuli, na samaki mbichi pia hatuli. Halafu ongeza neno moja la dhahabu: "shioyaki". Hiyo ni kuchoma kwa chumvi tu, samaki mzima juu ya moto, na kila mpishi wa pwani anaijua. Wakikujibu kwamba hawawezi, usibishane nao, hiyo ni heshima yao, wanakwambia ukweli mapema. Tafuta nyumba nyingine au chukua bei ya kulala bila chakula, inaitwa sudomari, au ya kifungua kinywa tu.

Waulize pia kama kuna kitu kinachopikwa hai mezani. Kuna nyumba zinaleta konokono mkubwa wa baharini akiwa mzima, anawekwa juu ya moto mbele yako na anajinyonganyonga. Wenyewe wanaona ni ushahidi wa ubichi. Wewe uliyesema samaki mbichi humwangalii, nimeona nikutaarifu.

Chakula kinakuja kwa vibakuli vidogovidogo, vingi, kwa awamu, na wali unakuja mwisho kabisa pamoja na supu na achari. Usikae unausubiri wali ndo uanze kula kitoweo, utalala njaa huku meza imejaa. Asubuhi ndo mtafurahi zaidi, naona mi asubuhi yao ndo inayotufaa watu wa pwani: wali, yai, mwani mkavu, supu, na samaki aliyepasuliwa akaanikwa kisha akachomwa. Hiyo ni ng'onda, dada. Kabisa. Ito na Atami wanamwanika vibua wa kwao hivyo na kuuza madukani, mbele ya duka wameanika kwenye nyavu kama uko Pangani.

Mkiwa mnakula mtu anaingia chumbani anatandika futoni, yaani godoro jembamba chini kwenye tatami na blanketi nene juu yake. Kama mgongo wa shemeji hauko vizuri ombeni godoro la pili la kuwekea juu, wanatoa bila maneno. Mto unaweza kuwa wa maganda ya nafaka, unachakacha ukigeuza kichwa, nao unaweza kubadilishiwa.

Tetemeko: mkisikia mtikisiko mrefu mkiwa karibu na bahari msisubiri kuambiwa, pandeni juu. 1923 maji ya bahari yalipanda Atami kama mita 12. Nyuma ya mlango wa chumba kuna ramani ya njia ya kutokea, iangalieni mkifika, dakika moja tu, mkishaiangalia sahauni mlale.

Alfajiri ndo wakati wangu. Jua linatoka baharini usoni kwenu, mwezi wa 11 ni kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu hivi, mkiwa na kashikiri ya asubuhi au bafu la barazani muwe mmeshaingia majini kabla, baridi usoni na moto shingoni kwenda chini. Mkishamaliza kula msikae kupoteza muda, saa nne ikifika ni saa nne. Bakshishi msitoe, mtawatia watu kwenye tabu ya kukimbia nje kuwarudishia. Okami atasimama mlangoni na watu wake watawapungia mkono hadi gari ya kwenda stesheni ipotee kwenye kona, na nyie geukeni mpunge.

Buk siku za katikati ya wiki, Jumamosi bei inapanda na vyumba vinaisha mapema, na soma masharti ya kufuta, ukifuta siku yenyewe wanaweza kukata pesa yote. Tuma ile meseji ya chakula na hina sasa hivi kabla ya kulipia, wakikujibu Kijapani kitupu nitumie nikutafsirie. Na mwambie shemeji aende na soksi mpya, viatu vitavuliwa kutwa mara sita na zile zake za mafunzo nina uhakika zina tundu.